Ngome ya Kiunzi cha Mbao: Jinsi Miti Inavyobeba Mnara

Neno ngome likitajwa, wengi wetu huona mawe: kuta nene, minara ya mviringo, na ukingo wa juu wenye meno ambao askari hujikinga nyuma yake. Picha hiyo si ya uongo, ila imefunika jambo kubwa. Ngome nyingi ambazo Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walizijenga Uingereza baada ya mwaka 1066 zilikuwa za udongo na miti, na ngome ya Himeji nchini Japani, ambayo ni miongoni mwa ngome mashuhuri kuliko zote duniani, ni jengo la mbao lililoketi juu ya msingi wa mawe. Kwa hiyo anayeuliza namna ya kujenga ngome kwa kiunzi cha mbao haulizi jambo geni. Anauliza jambo ambalo maseremala wa zamani walilijibu mara nyingi, na majibu yao yamejaribiwa kwa moto, upepo, mvua na matetemeko ya ardhi. Kinachowatatiza watu ni mahali wanapoanzia. Huanza na umbo la ngome ya mawe, kisha hutafuta mbao za kulivika umbo hilo, na mbao hazikubali. Mbao zina umbo lao la ngome, na umbo hilo hutokana na njia ambayo uzito hupitia ndani ya kiunzi.

Tuanze na kiunzi chenyewe. Ukuta wa mawe hubeba uzito kila mahali. Kila jiwe huelemewa na yaliyo juu yake na kuyaelemea yaliyo chini. Kiunzi cha mbao hakifanyi hivyo. Uzito wa paa na sakafu hukusanywa na boriti zilizolala, boriti huukabidhi kwa nguzo chache nene, nazo nguzo huushusha hadi kwenye boriti ya chini iliyolazwa juu ya msingi. Nafasi iliyo kati ya nguzo na nguzo haibebi kitu. Hujazwa kwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, au kwa mbao, au kwa matofali, na mjazo huo unaweza kubomolewa na kuwekwa upya bila jengo kuyumba. Hapa ni vyema kutofautisha kiunzi na mifumo mingine miwili ambayo huchanganywa nacho. Ukuta wa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine hubeba uzito kama ukuta wa mawe, ingawa ni wa miti. Nyumba za kisasa za vipande vyembamba vya mbao hutegemea wingi wa vipande na wingi wa misumari. Kiunzi cha kale kina vipande vichache, vinene, vilivyounganishwa kwa kukatwa na kuingizana.

Siri yote imo katika kuingizana huko. Kiungo cha msingi ni ulimi na tundu: ncha ya boriti huchongwa ibaki ulimi mwembamba, nguzo hutobolewa tundu la kipimo kilekile, ulimi huingizwa, kisha kigingi cha mti mgumu hupigiliwa kupitia vyote viwili. Jambo la kuelewa ni kwamba kigingi si mbebaji mkuu. Uzito unaoshuka hubebwa na mbao inayokalia mbao, yaani bega la boriti likiwa limekaa kwenye kikato cha nguzo. Kigingi huzuia tu kiungo kisichomoke. Ndiyo maana kiungo hiki ni hodari sana kinapokandamizwa na ni dhaifu kinapovutwa, na seremala mwenye ujuzi hupanga kiunzi chake ili viungo vingi vikandamizwe na vichache tu vivutwe. Vile vinavyovutwa, hasa boriti ya mtambaapanya inayozuia kuta mbili zisitanuliwe na msukumo wa paa, hupewa mkato wa pekee, kwa kawaida wenye umbo la mkia wa njiwa, ambao hujikaza kadiri unavyovutwa.

Kuna ufundi mmoja mdogo ambao kwangu unaeleza kiwango cha fikra za watu hawa kuliko mnara wowote. Tundu la kigingi katika ulimi halitobolewi mkabala kabisa na matundu ya nguzo, bali husogezwa kidogo kuelekea bega, kwa milimita chache tu. Kigingi kinapopigiliwa hulazimika kupinda kidogo, na kwa kupinda huko huuvuta ulimi ndani na kukiweka kiungo katika hali ya kukazwa daima. Nacho kigingi hakikatwi kwa msumeno. Hupasuliwa kwa shoka ili nyuzi zake zinyooke kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu msumeno hukata nyuzi kwa upande, na kigingi cha namna hiyo huvunjika kikipindwa.

Ukazaji huo una maana zaidi ukijua kwamba katika Ulaya mialoni ilichongwa ikiwa mibichi. Mwaloni mkavu ni mgumu kiasi cha kuharibu makali ya patasi, lakini mbichi huchongeka vizuri. Baada ya kusimamishwa, kiunzi huendelea kukauka kwa miaka mingi, na mbao inapokauka husinyaa katika upana wake huku urefu wake ukibaki karibu uleule. Hivyo viungo hulegea au hukaza kutegemea nyuzi zimeelekea wapi, nguzo hupasuka mipasuko mirefu inayomtisha mwenye jengo bila sababu, na boriti hujipinda kidogo. Fundi aliyeyatarajia haya huwa amekwisha kupanga kila kipande kisinyae kuelekea upande usio na madhara. Asiyeyatarajia atapata ngome yenye milango isiyofungika.

Nguzo na boriti zikiwa zimeshikana, bado kuna adui ambaye hashuki kutoka juu bali hupiga kutoka ubavuni. Mstatili wa mbao nne zilizounganishwa pembeni, hata ukiwa na viungo vizuri, unaweza kusukumwa na upepo ukalala na kuwa msambamba. Pembetatu haiwezi kulazwa hivyo bila upande mmoja kuvunjika au kurefuka. Kwa sababu hiyo kiunzi cha Ulaya huwekwa mihimili ya mshazari kwenye kona, kutoka nguzo hadi boriti. Katika nyumba ya kawaida upepo ni jambo la kuzingatiwa. Katika mnara uliosimama juu ya kilima, ambao umejengwa hapo makusudi ili uonekane na uone mbali, upepo ni jambo la kufa na kupona.

Mji wa York, Uingereza, una mnara ambao historia yake inatosha kuwa somo zima. Juu ya kilima cha udongo kilichorundikwa na Wanormani palikuwa na mnara wa mbao. Mwaka 1190 Wayahudi wa mji huo walikimbilia humo kuokoa maisha yao, wakazingirwa na umati wenye chuki, na wengi wao wakafa humo huku mnara ukiteketea. Mnara ukajengwa tena kwa mbao, na mwaka 1228 dhoruba ya upepo ikauangusha. Ndipo, katika miaka ya 1240, mfalme Henry III akaagiza ujengwe kwa mawe. Na hapo wengi hudhani hadithi imefikia mwisho wake mwema, lakini sivyo: kilima kilititia chini ya uzito wa mawe, na katika karne ya 14 mnara ukapata nyufa za kutoka juu hadi chini. Moto uliushinda mnara wa kwanza, upepo wa pili, na udongo ukaupasua wa tatu.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini mbao zilichaguliwa tangu awali, na sababu si umaskini wala haraka peke yake. Mita moja ya ujazo ya mwaloni mkavu ina uzito wa takriban kilo 700. Jiwe la kujengea la ujazo huohuo mara nyingi huzidi kilo 2,300. Kilima cha udongo uliorundikwa kwa majembe na vikapu huhitaji muda mrefu kutulia, na kinapotulia hakitulii sawasawa. Kiunzi chepesi, chenye viungo vinavyoweza kujongea kidogo, huvumilia jambo hilo. Jiwe halivumilii.

Lakini nguzo ya mbao ina jambo lake na ardhi. Ngome za mwanzo zilisimamishwa juu ya nguzo zilizochimbiwa chini. Mwanaakiolojia Brian Hope-Taylor alipofukua kilima cha Abinger, katika jimbo la Surrey, mwaka 1949, alikuta mashimo ya nguzo za mnara na ya uzio uliokizunguka kilele, miti yenyewe ikiwa imekwisha kuoza zamani. Nguzo iliyochimbiwa ina faida moja kubwa: ardhi yenyewe huishika isilale, hivyo hata bila mihimili ya mshazari jengo husimama. Hasara yake ni kwamba pale udongo unapokutana na hewa, unyevu na oksijeni hupatikana pamoja, na kuvu hupata kila kinachohitaji. Nguzo hukatika hapohapo, usawa wa ardhi, wakati sehemu ya juu na mara nyingine hata ya chini kabisa zingali nzima. Huko Hen Domen, mpakani mwa Wales, ngome iliyoanzishwa na Roger wa Montgomery katika miaka ya 1070 ilibaki ya mbao maisha yake yote, na wachimbaji waliofanya kazi hapo kwa miongo mitatu kuanzia mwaka 1960 walikuta majengo yaliyokuwa yakijengwa upya mara kwa mara. Suluhisho lilikuwa kuinyanyua nguzo kutoka ardhini na kuikalisha juu ya boriti iliyolazwa kwenye safu ya mawe. Hatua hiyo inaonekana ndogo, lakini iliubadilisha umri wa jengo kutoka miongo hadi karne. Pia ilimwongezea seremala mzigo, kwa kuwa kiunzi kisichoshikwa na ardhi lazima kijishike chenyewe, na hapo ndipo viungo na pembetatu nilizozieleza zilipokuwa za lazima.

Kwa kuwa kila kiungo hukatwa kwa ajili ya mwenzake, kiunzi hakijengwi mahali kitakaposimama. Hulazwa chini uwanjani, ubavu mmoja baada ya mwingine, vipande hupimwa juu ya vipande, hukatwa, hujaribiwa na kuwekwa alama. Alama hizo kwa kawaida zilikuwa tarakimu za Kirumi, kwa sababu mistari iliyonyooka huchongeka kwa pigo moja la patasi. Kisha vyote hufunguliwa, husafirishwa na kusimamishwa. Faida ya kivita ya utaratibu huu ni dhahiri. Mshairi Wace, aliyeandika takriban miaka 100 baada ya tukio, alidai kwamba watu wa William, kiongozi wa Wanormani, walivuka bahari mwaka 1066 wakiwa na ngome iliyokwisha kuchongwa, vigingi vyake vikiwa ndani ya mapipa. Iwe Wace alisikia kweli au la, jambo lenyewe linawezekana kabisa, na tunajua lilifanyika kwingine: mwaka 1551 watu wa Ivan IV wa Urusi walichonga ngome nzima ya Sviyazhsk katika misitu ya juu ya mto Volga, wakaitia alama, wakaifungua, wakaishusha kwa maji ya mto hadi karibu na mji wa Kazan na kuisimamisha kwa muda wa wiki nne hivi. Ile ilikuwa ya magogo, si ya kiunzi, lakini akili iliyotumika ni ileile.

Urefu wa jengo ndio mahali ambapo tatizo huwa gumu zaidi, na ndipo Japani inapotufundisha zaidi kuliko Ulaya. Mti una mwisho. Ukitaka mnara wa ghorofa sita, ama upate miti mirefu kupita kawaida, ama uunganishe mifupi. Himeji, ambayo mnara wake mkuu wa sasa ulikamilika mwaka 1609 chini ya Ikeda Terumasa, ilichagua njia ya kwanza: nguzo kuu mbili, ya mashariki na ya magharibi, zenye urefu wa karibu mita 25 kila moja, hupanda kutoka chumba cha chini ya ardhi hadi kwenye sakafu ya ghorofa ya juu kabisa, na sakafu zote kati yake huzishikilia kama matawi yanavyolishikilia shina. Ngome ya Matsue, ya mwaka 1611, ilichagua njia ya pili. Nguzo zake nyingi hupita ghorofa mbili tu, lakini zimepangwa kwa kupokezana, ili pale moja inapoishia nyingine iwe katikati ya safari yake. Hakuna sakafu ambayo nguzo zote hukatikia hapo kwa pamoja, na hivyo hakuna mahali ambapo mnara unaweza kujikunja kama bawaba. Mimi naona njia ya Matsue ndiyo ya kufuatwa na mjenzi wa leo, kwa sababu haimlazimishi kuutafuta mti ambao huenda haupo tena msituni.

Jambo jingine la kuangalia huko ni kwamba mafundi wa Kijapani hawakutegemea sana mihimili ya mshazari. Walipitisha boriti nyembamba za ulalo zikipenya nguzo moja baada ya nyingine, wakazikaza kwa kabari, na kujaza katikati kwa ukuta mnene wa udongo. Kiunzi cha namna hii hakisimami imara kama pembetatu. Huyumba, viungo husuguana, udongo hupasuka, na kwa njia hiyo nguvu ya tetemeko hutumika na kwisha kabla ya kuvunja nguzo. Pembetatu hufaa penye upepo mkali, viungo vinavyosuguana hufaa penye matetemeko, na mjenzi lazima ajue ni kipi hasa kitakachomjia.

Kuhusu moto, watu hukosea kwa pande zote mbili. Wapo wanaodhani kwamba mbao nene huwaka kama kuni. Sivyo. Boriti nene ya mwaloni hugeuka makaa taratibu kutoka nje, kwa kiasi cha kati ya nusu milimita na milimita moja kwa dakika, na tabaka hilo la makaa huukinga moyo wa mbao. Chuma kisichokingwa hupoteza takriban nusu ya nguvu zake kikifikia nyuzi joto 600 za Selsiasi, na hupinda ghafla, wakati boriti nene bado imebeba mzigo. Ila wapo pia wanaojifariji kupita kiasi kwa hoja hiyo, wakisahau vitu vyembamba vilivyomo: mbao za sakafu, fito, makombamoyo ya paa, na zaidi ya yote nafasi wazi ambazo moshi na miali hupanda ndani yake kama bombani. Zulia la Bayeux, kitambaa cha kale kilichotariziwa picha za uvamizi wa 1066, linawaonyesha watu wakiutia moto uzio wa ngome ya Dinan, Ufaransa, kwa mienge. Ngome ya Nagoya iliteketea kwa mabomu mwezi Mei 1945. Mwezi Oktoba 2019 jengo kuu la ngome ya Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, Japani, liliungua usiku mmoja, miaka 27 baada ya kujengwa upya kwa mbao. Jibu la kale lilikuwa kufunika: udongo mnene na chokaa juu ya kila kitu kinachoweza kuguswa na mwali. Weupe wa Himeji unaosifiwa kama mabawa ya ndege ni lipu ya chokaa iliyopakwa hadi chini ya mapaa kwa ajili hiyo.

Sasa tunaweza kurudi kwenye umbo. Ukingo wenye meno juu ya mnara, unaopendwa na kila anayechora ngome, ni mtego wa maji. Huzuia mvua isitiririke nje, huielekeza kwenye mifereji ambayo majani huiziba, na maji hukaa hapohapo juu ya vichwa vya nguzo, sehemu ambayo mbao hunyonya maji kwa haraka kuliko zote kwa kuwa nyuzi zake ziko wazi. Jiwe huvumilia kosa hilo kwa karne. Nguzo huoza kwa miaka. Ngome ya mbao inataka paa linalochomoza. Wajapani waliweka paa katika kila tabaka, na kila moja huukinga ukuta ulio chini yake. Wazungu walichomoza ghorofa ya juu nje ya ile ya chini, kama inavyoonekana hadi leo kwenye mnara wa kaskazini wa ngome ya Stokesay, huko Shropshire, Uingereza. Kuchomoza huko kuliukinga ukuta wa chini dhidi ya mvua, kuliongeza nafasi, na kulikuwa na faida moja isiyoonekana: uzito wa ukuta wa juu ukikalia ncha za boriti zilizotokeza, huzikandamiza huko nje na kuzifanya zisibonyee katikati ya chumba. Mnara wa mviringo nao ni wazo la mawe. Boriti imenyooka, na kuilazimisha duara ni kupoteza mbao na kuzidisha viungo. Mraba ni bora, na kama ni lazima upate mviringo, pembenane inatosha.

Anayejenga leo ana mambo ambayo wa kale hawakuwa nayo: mahesabu ya mhandisi, boliti zilizofichwa ndani ya viungo vinavyovutwa, mifumo ya maji ya kuzima moto. Avitumie vyote. Onyo langu moja ni kuhusu saruji. Lipu ya saruji juu ya kiunzi cha mbao huonekana imara, lakini mbao husinyaa, ufa mwembamba hutokea kati yake na lipu, maji huingia na hayawezi kutoka kwa sababu saruji haipumui kama chokaa. Nguzo huoza nyuma ya ukuta unaoonekana mzima, na mwenye jengo hugundua siku sakafu inapoanza kulegea. Chokaa hupasuka zaidi na hudai kupakwa upya, lakini hupasuka mahali panapoonekana.

Uwezo wa kutengenezwa kipande kwa kipande ndio nguvu ya kiunzi ambayo ukuta wa mawe haunayo kwa kiwango hicho. Mji wa Ozu, Japani, uliibomoa ngome yake mwaka 1888 na kuijenga upya kwa mbao mwaka 2004, ukiongozwa na picha za zamani na kielelezo cha mbao kilichoonyesha kiunzi chake. Huko Himeji, katika ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1964, mnara wote ulifunguliwa kipande kwa kipande na kuwekewa msingi mpya wa zege, kwa kuwa ulikuwa umeinama kwa uzito wake. Nguzo ya magharibi ilikuwa imeharibika mno ikabadilishwa, na kwa kuwa mti mmoja uliotafutwa ulivunjika njiani, waliunganisha miwili. Ile ya mashariki iliachwa. Waliikata mguu uliooza, wakaichongea mguu mpya wenye kiungo kinachoingiana na shina la zamani, na wakairudisha mahali pake.